Rada juu ya tangi la dizeli

Jamani, tumemaliza kufunga vipimo vya rada kwenye matangi ya dizeli huku Kurasini na nina furaha ya kweli. Kijana alikuwa anapanda ngazi, jua la Februari linachoma bati, anafungua mfuniko na kushusha futi yenye timazi, mvuke wote unampiga usoni. Sasa namba inasomeka ofisini.

Kifaa kinakaa juu ya tangi na kutuma mawimbi ya redio, yanagonga uso wa mafuta na kurudi. Muda wa kwenda na kurudi unakupa umbali. Utoe kwenye kimo cha tangi, umepata kina. Vipimo vinavyotumia sauti badala ya mawimbi ya redio vilitutesa, maana hewa ikipata joto mwendo wa sauti hubadilika. Mawimbi ya rada hayasumbuliwi hivyo na joto wala mvuke.

Tatizo ni mwangwi, yaani mawimbi yanayorudi. Namba ya daielektriki, ambayo ikiwa kubwa kitu hurudisha mawimbi kwa nguvu zaidi, kwa maji ni karibu 80, kwa hiyo mwangwi wake una nguvu. Ya dizeli ni kama 2 tu, mwangwi unarudi dhaifu. Ndiyo maana nang'ang'ania: usifunge kifaa kubanana na ukuta wa tangi wala juu ya bomba la kuingizia mafuta. Tulichagua cha gigahezi 80 kwa sababu mwale wake ni mwembamba, haugusi ngazi za ndani.

Futi hatujaitupa. Maji yaliyotuama chini ya dizeli rada haikuonyeshi, kwa hiyo bado tunaipaka ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, tunaishusha.