Bizari ya Chili Isiyo na Iliki

Lamu, Jumapili jioni

Leo nimeshinda jikoni nikitengeneza bizari ya chili, yaani unga wa kupikia kile kitoweo kizito cha nyama na pilipili ambacho watu wa Texas, huko Marekani, wanakithamini kiasi kwamba mwaka 1977 bunge lao lilikitangaza kuwa chakula rasmi cha jimbo. Hapa kwetu si chakula cha kawaida, lakini nyumbani kimekwisha kupata nafasi yake, hasa siku ambazo nyama ya ng'ombe iliyopatikana sokoni ni ya muundi au ya shingo, ngumu, isiyofaa mishkaki. Tangu asubuhi nimekuwa na wazo moja ambalo nimeona niliandike kabla halijanitoka: mkono uliozoea pilau hupata shida kuliko mkono mgeni unapotakiwa kutengeneza bizari hii, na shida yenyewe haitokani na uhaba wa viungo, bali na kuwa navyo vingi mno karibu.

Mpishi wa mwambao huu akifungua kabati lake hukutana na iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, manjano, giligilani na tangawizi kavu, na vyote hivyo amelelewa navyo. Tumezoea kuamini kwamba bizari ikikosa kimoja miongoni mwa hivyo imepungua. Chili ya Texas haitaki hivyo. Msingi wake ni pilipili kavu zilizosagwa, kwa wingi, kisha bizari nyembamba, kitunguu thomu na oregano, ambayo ni majani makavu ya kunukia, na hapo orodha inakaribia kwisha. Ukiongeza iliki, hata punje mbili tu, harufu yake inapanda juu ya pilipili na kukaa hapo, na unachokula kinakuwa mchuzi wa pilau uliokosa mchele. Karafuu ni hatari zaidi, kwa sababu haionekani ladha yake mpaka chakula kimekaa kwenye jiko saa nzima, na wakati huo hakuna la kufanya.

Shangazi yangu, ambaye alipita kunijulia hali nikiwa katikati ya kazi, aliunusa unga ule akaniuliza, “Mwanangu, iliki umeisahau?” Nikamjibu, “Sikuisahau, shangazi, nimeiacha.” Akachovya ncha ya kidole, akaonja, akafikiri kidogo, kisha akasema, “Haya, wenyewe wakitaka hivyo, sisi ni nani?” Sikumweleza zaidi, maana niliona jicho lake bado liko kwenye mkebe wa iliki.

Jambo la pili linalotutatiza ni pilipili zenyewe. Kwetu pilipili ni kitu cha kuwasha, kinachotiwa kidogo, na anayetaka zaidi hujiongezea mwenyewe mezani. Kwenye chili pilipili ndiyo nyama ya bizari: ndiyo inayoleta rangi, uzito na ule utamu wa mbali unaofanana na zabibu kavu. Wenyewe hutumia ancho, ambayo ni pilipili pana ya Meksiko iliyoachwa ikaiva mpaka ikawa nyekundu, kisha ikakaushwa. Ukali wake ni mdogo sana. Kwa kipimo alichokibuni mfamasia Wilbur Scoville mwaka 1912, ancho iko kati ya 1,000 na 2,000 hivi, wakati pilipili kichaa yetu hufika 50,000 na zaidi, na pilipili mbuzi hupita 100,000 bila taabu. Kwa hiyo mtu akisoma mahali kwamba bizari hii inahitaji vijiko sita vikubwa vya pilipili, naye akachukua pilipili kichaa za kukausha alizonazo, chakula chake hakitalika.

Mimi hutumia vitu viwili kufidia ancho. Kwanza ni pilipili ya Kashmiri, ile ndefu iliyokunjamana, nyekundu sana na yenye ukali wa kiasi, ambayo hupatikana Mombasa kwenye maduka ya viungo na huja na mtu yeyote wa nyumbani aliyekwenda huko kwa shughuli zake. Ya pili ni pilipili hoho nyekundu, zile kubwa zisizowasha, ambazo huzikausha mwenyewe juu ya dari wakati wa kaskazi. Huzipasua, nikatoa mbegu na utando mweupe wa ndani, nikazikata nyembamba kama unene wa kamba ya kiatu na kuzitandaza kwenye uteo uliofunikwa kitambaa chepesi. Jua lenyewe halina ugumu, ugumu uko kwenye hewa ya bahari: zikiachwa nje baada ya magharibi hunyonya unyevu wa usiku, na asubuhi utazikuta zimelegea kana kwamba hazijaliona jua. Ni lazima ziingizwe ndani mapema. Zikiwa tayari huvunjika kwa mlio, hazipindi, na rangi yake imeiva ikakaribia ile ya tende. Wakati wa masika sijaribu kabisa, kwa sababu huota ukungu kabla ya kukauka.

Nikizitazama zile pilipili pale juu huwa nakumbuka kwamba sisi tulizipokea kutoka mbali. Mmea wa pilipili kali asili yake ni Amerika, na watu wa pande zetu hawakuujua kabla ya safari za Columbus za mwaka 1492 na kuendelea. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na nguzo ya Wareno inayosimama pale ufukweni inatukumbusha ujio huo, na ni biashara ya Wareno iliyoieneza pilipili katika Bahari ya Hindi kwenye karne iliyofuata. Bizari nyembamba ilikwenda kinyume chake: ni mmea wa nchi za mashariki ya Mediterania na Asia ya Magharibi, ukavuka Atlantiki pamoja na Wahispania mpaka ukafika Meksiko na Texas. Hivyo viungo viwili vikuu vya bizari hii vilipishana njiani, na hakuna hata kimoja ambacho jiko la Kiswahili linaweza kukiita kigeni leo.

Unga wenyewe kama bidhaa ya dukani ni wa juzi tu. Mhamiaji wa Kijerumani aliyeitwa William Gebhardt, aliyekuwa na mkahawa katika mji wa New Braunfels, Texas, alianza kusaga pilipili kavu pamoja na viungo vingine na kuuza unga huo kwenye chupa katika miaka ya 1890, na tangu hapo kupika chili hakukutegemea tena msimu wa pilipili. Kabla na baada ya hapo, mji wa San Antonio ulikuwa na wanawake waliouza chili jioni kwenye viwanja vya mji, kwa mwanga wa taa, mpaka kanuni za afya zilipowaondoa katika miaka ya 1930. Nikiwaona wauza mishkaki wa jioni hapa mjini naona kwamba kitoweo hicho kilianzia mahali ninapopaelewa.

Sasa kazi yenyewe. Kila kiungo hukaangwa peke yake, bila mafuta, kwa sababu hakuna viwili vinavyoiva kwa muda mmoja. Bizari nyembamba huitia kwenye kikaango kizito juu ya moto mdogo na kuitikisa bila kuiacha, na ndani ya dakika moja au mbili harufu yake hubadilika kutoka ya majani makavu kuwa ya kitu kilichookwa. Hapo hapo huimwaga kwenye sinia, kwani kikaango chenye moto huendelea kuichoma hata jiko likiwa limezimwa. Pilipili nzima huhitaji sekunde chache tu kila upande, hadi zilainike na kuanza kunukia. Zikifanya madoa meusi zimekwisha, na uchungu wake hautafichwa na kitu chochote. Moshi wake hukereketa koo la kila aliye karibu, na ndiyo faida kubwa ya jiko letu kuwa juu ya nyumba, ambako upepo huupeleka kwa majirani.

Bizari nyembamba huitwanga kwenye kinu, kwa sababu napenda ibakie na chembechembe kidogo. Pilipili huzisaga kwenye blenda ndogo, na baada ya kuizima huwa nasubiri vumbi litue kabisa ndani ndipo nifungue kifuniko. Kisha hupitisha kwenye chekecheke, na yale maganda yanayobaki huyarudisha kusagwa tena. Kipimo changu cha leo ni vijiko vikubwa sita vya unga wa pilipili ya Kashmiri, viwili vya hoho kavu, viwili vya bizari nyembamba, kimoja cha unga wa kitunguu thomu, kimoja cha oregano iliyofikichwa kwa viganja, nusu kijiko cha giligilani, na robo kijiko cha chai cha pilipili kichaa kwa ajili ya kuamsha ulimi. Giligilani ni uamuzi wangu, na wapo watakaonipinga. Chumvi sitii kamwe ndani ya chupa, kwa sababu kwa hewa yetu ya Lamu huvuta maji na unga wote ukashikana, na pia kwa sababu napenda kutia chumvi nikijua ninapika kiasi gani cha nyama.

Kwenye sufuria, wakati wa kuutia unga huu ni muhimu kuliko kipimo chake. Kinacholeta ukali wa pilipili, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri ndani ya maji bali ndani ya mafuta, na rangi nyekundu vilevile. Anayeumwaga kwenye mchuzi unaochemka atapata maji yenye vumbi. Mimi hukaanga vipande vya nyama hadi vipate rangi, nikavitoa, nikakaanga vitunguu maji kwenye mafuta yale yale, halafu hutia vijiko vitatu au vinne vikubwa vya bizari kwa kilo moja ya nyama na kukoroga kwa nusu dakika hivi. Mafuta hugeuka mekundu yaliyokoza na harufu hujaa nyumba. Unga ukianza kushika chini, upawa mmoja wa supu unatosha kuuokoa. Hapo ndipo nyama hurudi, pamoja na nyanya mbili za kusaga, ingawa Mtexas wa kweli angezikataa, na sufuria huachwa kwenye makaa hafifu saa mbili au zaidi. Nusu saa kabla ya kuipua huongeza kijiko kingine cha bizari, kwa kuwa harufu ya ile ya kwanza imeshapikika na kutulia.

Kishawishi cha mwisho ni tui la nazi. Limo jikoni, ni zito, na kila mtu nyumbani angelifurahia, lakini likiingia linapoza pilipili na kufubaza rangi, na chili inakuwa mchuzi wa nazi wenye nyama. Tui huliweka kwenye maharagwe, ambayo huyapika sufuria yake peke yake, na hivyo huwa sijawaudhi Watexas, ambao hawataki maharagwe ndani ya chili, wala watu wa nyumbani, ambao hawaelewi nyama bila kitu cha kuisindikiza. Huliwa kwa mkate wa mofa, ambao hufyonza mafuta yale mekundu kuliko wali.

Chupa nimeiweka kwenye kidaka cha ndani ambacho hakipati jua, kwa sababu mwanga huila rangi ya pilipili. Nimejaribu pia kuipaka kwenye nguru wa kuchoma na sikuipenda. Bizari nyembamba inamshinda samaki. Kwenye mihogo ya kuchoma, pamoja na chumvi na ndimu, mambo ni mengine kabisa. Watoto wa jirani wamekwisha kuligundua hilo, na kwa mwendo wao huu sidhani kama chupa hii itafika masika.