Safu yangu ya mchanga iliyokataa kugeuka uji

Jumamosi

Wiki mbili nzima naiga kwenye kompyuta jinsi tetemeko linavyogeuza mchanga wenye maji kuwa uji, na mchanga umekataa kulainika. Nautikisa, umetulia tu kama zege. Safu ni ya mita 10, imejaa maji hadi juu, nimeikata vipande 20 vya nusu mita. Tetemeko nimejipangia mwenyewe: mtikiso mkubwa kabisa ni asilimia 20 ya mvutano wa dunia. Programu naiandika kwa lugha ya Python jioni, nikishamaliza kusahihisha madaftari.

Kilichonikera ni kwamba ndoo ilishanipa jibu. Niliomba mchanga kwa jirani anayejenga, nikaujaza ndooni, nikamimina maji taratibu hadi yakalingana na mchanga, nikaweka tofali juu. Ukilisukuma kwa kidole halitikisiki. Nikagonga ubavu wa ndoo kwa nyundo ya mpira. Kama mara ya sita tofali likainama, likazama nusu, maji yakachomoza juu. Fundi aliyekuwa akikoroga saruji akaniangalia. "Mwalimu, huo mchanga utarudisha ama umeshakuwa uji?"

Chembe za mchanga husimama kwa kubebana. Zikitikiswa zikiwa zimelegea, zinataka kusongamana, lakini maji yaliyo katikati hayawahi kutoka, basi mzigo unahamia kwayo. Na maji hayashiki tofali. Ndivyo maghorofa ya Niigata, Japani, yalivyolala chali kwenye tetemeko la mwaka 1964.

Kosa nimelipata leo saa tano usiku. Kwenye kina cha mita 5, mchanga na maji yake unalemea kwa kilopaskali (kipimo cha shinikizo) 95. Maji yanabeba 49, chembe zinabaki na 46. Mimi nilikuwa nagawanya 95 kwa 95! Kwa kanuni ya wahandisi Seed na Idriss ya 1971, nguvu ya mtikiso ikilinganishwa na mzigo wa chembe ilinitokea 0.125 badala ya 0.26. Mchanga nilioupa uwezo wa kustahimili hadi 0.18 ungelainika vipi? Mwalimu mzima wa hesabu, nimesahau kutoa maji.

Jumatatu

Umelainika. Kwa furaha nikakata vipande vidogo zaidi, vya robo mita, na shinikizo la maji likaanza kuruka juu chini hadi tarakimu zikajaa skrini. Programu husonga mbele kwa hatua ndogo za muda, na hatua ya sekunde 0.2 ilitosha kwa nusu mita. Ukigawa kipande kwa mbili, muda unaoruhusiwa unagawanyika kwa nne. Nimeweka 0.05, imetulia.

Jambo ambalo sikulitarajia: mtikiso ukiisha, mchanga wa chini ndio unaoanza kukaza, na wa juu unabaki uji kwa muda, kwa sababu maji yote ya chini yanapitia hapo yakitoka.

Mke wangu anauliza Nakuru na mambo haya wapi na wapi. Namwambia Subukia si mbali, na tarehe 6 Januari 1928 ilitikisika kwa kipimo cha 6.9. Ziwa nalo limepanda sana tangu miaka ya 2010. Ila yuko sahihi kwa jambo moja: udongo wetu mwingi ni wa majivu ya volkeno, si mchanga safi. Kwa hiyo kesho naweka tabaka jembamba la majivu yasiyopitisha maji haraka, mita 2 kutoka juu, nione maji yatajikusanya vipi chini yake.

Mchanga wa fundi nimeurudisha. Umepungua kidogo.