Matema, juu ya maji yasiyo na hewa

Jaketi ulilovaa Uyole, ukifika Ipinda umelibeba mkononi. Kosta ilitushusha kupitia Kiwira na Tukuyu kwenye ukungu, mikungu ya ndizi ikigombania nafasi na magoti yetu. Mwenzangu, aliyesomea mambo ya bahari Norwei, alipakata begi lenye kamba na sahani ya chuma iliyopakwa nyeupe na nyeusi. Tulikuwa tunakwenda Matema kuhesabu samaki wa miambani, pale milima ya Livingstone inapotumbukia Ziwa Nyasa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Na hiyo sahani mnampakulia nani?"

Mzee mwenye mtumbwi alicheka peke yake, akatupeleka kwenye mawe. Sahani ikashushwa polepole, mafundo ya kamba yakipita vidoleni, mpaka weupe ukawa kijani, ukapotea. Kina hicho cha kupotea ndicho kipimo cha uangavu wa maji. Kisha tukavaa miwani: samaki wadogo wa buluu walikuwa wakikwangua mwani kwenye jiwe, kila mmoja na eneo lake, jirani akisogea anafukuzwa. Ziwa hili lina zaidi ya aina 500 za jamaa hawa wa perege, na nyingi hazipo kwingine duniani.

Tukila wali wa Kyela kwa mbasa, mwenzangu akasimulia matumbawe ya bahari baridi. Mwamba wa Røst, uliogunduliwa mwaka 2002 pwani ya Norwei, uko mita 300 hadi 400 chini, gizani, na urefu wake unapita kilomita 30. Meli hupiga mawimbi ya sauti kuchora sakafu ya bahari, halafu hushusha roboti yenye taa na kamera. Matumbawe yaliyo hai ni meupe au ya rangi ya chungwa. Yanakula vijidudu vinavyoletwa na mkondo. Nyavu za kukokota zikipita, kilichokua kwa karne nyingi kinakuwa kifusi.

"Basi na humu chini yamo?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Matumbawe yanataka chumvi. Tena humu, ukipita mita 250 hivi, hewa imekwisha."

Kule Norwei maji ya juu hupoa, yakazama na hewa yake. Hapa ya juu ni ya moto mwaka mzima, yanaelea tu, hewa haishuki. Hata chini kabisa, mita 700 hivi, ni nyuzi 23 hivi. Asubuhi ya Tukuyu mwezi wa Juni ina baridi zaidi.

"Ndiyo maana huko hatushushi nyavu," mzee akasema, akaongeza mchuzi.

Kesho yake upepo wa kusi ulichafua ziwa. Hesabu ya samaki ikaishia hapo, tukaenda Lyulilo kutazama vyungu vya Wakisi.