Siku moja na madaktari tarajali: siku ya pili ya kozi ya dawa za usingizi

Saa 12:30 asubuhi napanga vifaa: vichwa vya mdoli, laringoskopu (kifaa cha kuangalia koo), mipira ya koo ya kupitishia hewa namba 6.5 na 7, mifuko ya ambu ya kubana kumpulizia mgonjwa hewa. Kila pafu la mdoli nalipima kwa kulipuliza. Likiwa limetoboka, daktari atabana mfuko sawasawa, kifua kisipande, naye aondoke akiamini mkono wake ni mbovu.

Saa 2:00 ni somo la ganzi ya uti wa mgongo kwa mama anayepasuliwa kujifungua: dawa ya ganzi bupivakaini nzito ya 0.5%, mililita 2 hadi 2.5, mama alazwe ameegemea kushoto nyuzi 15, presha ipimwe kila dakika mwanzoni. Chai.

Saa 4:30 mazoezi, na hapo ndipo nguvu zinapoishia. Vikundi vinne, maneno yale yale mara nne. Karibu kila mmoja huikandamiza usoni barakoa ya mfuko wa ambu. Kidevu kinashuka, ulimi unaziba koo, hewa inavuja pembeni. Naye anabana kwa nguvu zaidi na hewa inakwenda tumboni. Gumba na kidole cha shahada vishike barakoa, vitatu vilivyobaki vishike mfupa wa taya, si nyama ya chini yake. Taya livutwe juu liifuate barakoa. Bana kwa sekunde moja, tazama kifua, achia. Ikishindikana, shika barakoa kwa mikono miwili, mwenzako abane mfuko. Kwenye laringoskopu wanaegemea meno ya juu. Hapana, vuta kuelekea upande unaoelekea mpini. Mpira ukipita sentimita 21 kwenye meno ya mwanamke, unaweza kuingia pafu la kulia peke yake.

“Dokta, mimi nitasomea upasuaji. Hii si kazi ya wauguzi wa usingizi?”

Swali hili linachosha kuliko kusimama, lakini lina sababu. Mwaka wa utarajali unaliwa na upasuaji, tiba ya ndani, watoto na uzazi. Usingizi wanauona kwa kupita, tena ukifanywa na wauguzi, ambao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hii nchini. Atachaguaje ubingwa ambao hajawahi kumwona daktari akiufanya? Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linataka angalau 5 kwa kila watu 100,000. Tanzania hatujafikisha hata mmoja.

Chakula cha mchana kinaliwa tumesimama. Jua limeshageuka, kikundi cha mwisho bado kinabana mifuko, sauti imekauka, na ndipo mmoja au wawili wanabaki mezani kuuliza ubingwa unachukua miaka mingapi. Mitatu. Nafurahi sana, ila sipokei uamuzi uliofanywa mbele ya mdoli. Mdoli hatapiki, hatoki damu, presha yake haishuki saa 9 usiku. Wanaouliza nawaandikia zamu za usiku thieta (chumba cha upasuaji), wakae na muuguzi wa usingizi tangu kukagua mashine hadi mgonjwa aamke, halafu ndipo wajaze fomu ya maombi.