Mfalme wa miaka 9
Usiku wa jana nilimaliza kusoma habari za Edward VI wa Uingereza nikakosa usingizi, kwa sababu mwanangu aliyelala chumba cha pili ana umri uleule aliokuwa nao mtoto huyo alipoachiwa kiti cha enzi mwaka 1547. Baba yake, Henry VIII, aliusia kwamba watu 16 waongoze kwa pamoja hadi kijana atimize miaka 18, lakini baada ya siku chache tu mjomba wake, Edward Seymour, alikuwa ameshapata cheo cha Mlinzi wa Ufalme. Amri zilitolewa kwa jina la mtoto, hivyo aliyemshika mtoto ndiye aliyeshika dola. Mjomba mwingine, Thomas, alimpelekea fedha za matumizi kwa siri ili avute moyo wake, na mwaka 1549 akakatwa kichwa. Oktoba mwaka huohuo, baada ya maasi ya wakulima, Edward Seymour alimhamishia mfalme kwenye ngome ya Windsor usiku, kisha Seymour mwenyewe akapinduliwa. Kinachoniumiza zaidi ni shajara ya mtoto mwenyewe: kifo cha mjomba huyo, Januari 1552, alikiandika kwa sentensi moja kavu, akitaja mahali na saa, basi.