Nilivyoondoa uzito wa gari kwenye kuchanganya mwendo

Gari la kifahari linaweza kuwa na viti vya ngozi na ukimya wa ajabu, lakini usipopata nguvu pale unapokanyaga mafuta, raha yote inakwisha. Langu, injini ya petroli yenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, lilikuwa linasita kwanza, kisha linaruka ghafla. Kuovateki kulinitia hofu.

Taa ya injini haikuwaka. Filta ya hewa ilikuwa safi, plagi nzima. Fundi akapuliza moshi kwenye njia ya hewa, na hapo ukweli ukaonekana: moshi ulifuka kwenye mpira unaotoka intakula (kipoza hewa ya turbo) kwenda kwenye throto (mlango wa hewa ya injini). Ulikuwa umechanika upande wa chini, chini ya klampu, umezungukwa na utando wa oili. Turbo ilikuwa ikisukuma hewa, nyingine inapotelea nje kabla ya kufika kwenye silinda.

Tulibadilisha mpira na klampu, tukasafisha masizi kwenye throto, kisha tukairudishia mipangilio yake kwa kompyuta.

Sasa nikigusa pedali kidogo tu, gari linaitika hapohapo, taratibu, bila kushtuka. Kwangu huo ndio ufahari wenyewe, kuliko nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye karatasi.