Siku moja maishani mwangu: kuhesabu ndege wa nyasi, Kangemi hadi Kinangop na kurudi

Saa 10.00 alfajiri

Leo mfereji unatoa maji. Naoga, najaza mitungi miwili kabla hayajakatika, nateleka chai. Tangu nianze kazi hii kila nikifungua mfereji huu wa Kangemi nafikiria yalikotoka. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hushuka kutoka milima ya Nyandarua, yakakusanywa kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Sasumua lilijengwa miaka ya 1950, na liko pale Njabini, karibu na mashamba ninayokwenda leo.

Sweta mbili, gambuti, darubini, daftari lililofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Mvua za masika hazijaisha na kule Kinangop ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari.

Saa 11.00

Gari linanichukua stejini. Tuko watatu: dereva, mwenzangu wa utafiti na mimi. Limuru ni ukungu mtupu. Kimende akina mama wameshapanga karoti kando ya barabara, taa za simu mikononi. Kwenye njia panda ya Flyover tunaiacha barabara kuu ya Nakuru, tunapita Magumu, na kufikia Njabini kumepambazuka.

Mara ya kwanza nilipoletwa huku niliuliza, "Wanyama wako wapi?" Nilikuwa nimeambiwa ni eneo muhimu kwa viumbe walio hatarini, nami nikawa natafuta msitu. Nilichoona ni kondoo, viazi, nyua za seng'enge na nyasi. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba nyasi ndizo zenyewe.

Saa 1.00 asubuhi

Tunaanzia shamba la cucu mmoja, yaani bibi kwa Kikikuyu, ambaye amekuwa akitupokea kwa miaka kadhaa. Nasema shamba lake kwa sababu hapa hakuna hifadhi, hakuna lango wala tiketi. Nyasi zote hizi ni mali ya watu binafsi, wengi wao watoto na wajukuu wa walowezi Waafrika waliogawiwa mashamba miaka ya 1960, baada ya wakulima wa Kizungu kuondoka.

Ndege tunayemtafuta ni Macronyx sharpei. Mimi humwita kucha-ndefu, kwa ule ukucha wake wa nyuma ulio mrefu kuliko inavyotarajiwa kwa ndege wa ukubwa wake. Alielezwa kisayansi mwaka 1904, akapewa jina la Sharpe, mtaalamu wa ndege wa London. Haishi kokote duniani isipokuwa nyanda za juu za Kenya, na Kinangop ndiyo ngome yake kuu. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Namna ya kumhesabu ni rahisi kueleza, ngumu kwa magoti. Wawili wanashika kamba nyepesi ncha hii na hii, wanatembea sambamba huku kamba ikipapasa ncha za nyasi, na wa tatu anafuata nyuma akiangalia kitakachoruka. Kwa macho tu humwoni. Mgongo wake una michirizi ya hudhurungi kama nyasi kavu, na akihisi mtu hukimbia chini chini badala ya kuruka. Akiinuka unaona weupe kingoni mwa mkia. Akitua na kukugeukia, kifua ni manjano ya kiini cha yai. Usimchanganye na binamu yake mwenye ukosi mweusi shingoni, ambaye ni wa kawaida. Huyu wetu ana madoa ya michirizi tu kifuani.

Hatua ya hamsini hivi, ameruka wa kwanza. Halafu wawili pamoja. Kisha kwa robo saa nzima hakuna kitu ila mbigili na mavi ya kondoo.

Kuna jambo ambalo mtu wa mjini anafaa kuliona mwenyewe ndipo aliamini: si kila nyasi humfaa. Anataka zile zinazosimama mafungu mafungu, zenye mashina magumu, katikati yake pawe pafupi pa kukimbilia na kuwinda panzi na mende. Kiota hujengwa chini kabisa, kwenye shina la fungu. Kondoo na ng'ombe wakilisha kwa kiasi, shamba hubaki vizuri. Likipitishwa plau mara moja, mafungu yale hayarudi msimu ujao wala unaofuata, hata kama shamba litaachwa na kuonekana kijani kibichi. Kwa macho ya mpita njia kijani ni kijani, lakini kwa kucha-ndefu pale pamekufa.

Saa 3.20

Kona ya chini ya shamba, mahali panapotuama maji, mwenzangu ananyosha mkono, tunasimama. Jike ameruka karibu mno na miguu yetu na hakwenda mbali. Nainama. Kiota, mayai mawili.

Sikai. Napiga alama ya mahali kwenye simu, hatua kumi kutoka kiotani, na tunaondoka kwa njia nyingine. Kunguru ana akili. Akiona watu wamesimama mahali anakuja kuangalia walikuwa wanatazama nini. Kwa dakika zile mbili nilisahau kwamba vidole vimekufa ganzi.

Saa 4.30

Cucu ametutengea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Namwambia kuhusu mayai. Anafurahi, kisha ananyamaza.

"Mwanangu," anasema, "kijana wangu ameshaongea na mwenye trekta. Jumatatu."

Ni kona ile ile. Mwanawe ana watoto wawili sekondari, na viazi vinalipa karo. Manjano ya kifua cha ndege hayalipi. Sitamlaumu, na huwakasirikia wanaokuja huku na magari makubwa kuwalaumu wakulima. Jirani wa upande wa juu alishapanda mikaratusi ya kuuza nguzo, na kivuli chake asubuhi hii kilikuwa kimefika nusu ya malisho. Kucha-ndefu ni ndege wa uwazi. Hakai chini ya miti.

"Naweza kurudi niongee naye, cucu?"

"Njoo Jumamosi. Siku za kazi humpati."

Saa 8.00 mchana

Nairobi, chumba cha mkutano ghorofani, gambuti nimeziacha garini lakini suruali bado ina tope. Kampuni moja inataka kufadhili "urejeshaji wa mazingira" Nyandarua. Wameleta ramani, na juu yake duara la kijani limechorwa katikati ya nyanda za Kinangop: miche elfu kadhaa, wafanyakazi wao wapande kwa siku moja.

Nimewaza sana namna ya kulisema hili bila kuwaumiza watu wenye nia njema. Serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima tukapande. Mimi pia nilipanda. Lakini mti uliopandwa mahali pa nyasi ni jembe la namna nyingine. Nyanda zile hazikuwahi kuwa msitu uliokatwa. Ni makazi kamili, yana wenyewe, na udongo wake mzito hushika maji ya mvua.

Nikawaonyesha picha mbili. Ya kwanza ni bongo wa mlimani, yule swala mkubwa wa msituni, ambaye kila mtu chumbani alimtambua. Waliobaki porini hawafiki 100, na wanastahili kila shilingi wanayopata. Msitu wake wa Aberdare, kwenye milima hiyo hiyo ya Nyandarua, umezungushiwa uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilika 2009. Picha ya pili ilikuwa ya kucha-ndefu kwenye nguzo ya seng'enge. Kimya. Mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, "Sasa tukiacha nyasi zilivyo, tutakuwa tumefanya nini?"

Nikamjibu kwamba mtakuwa mmemsaidia mwenye shamba asilime kona moja: kondoo wa mbegu bora, soko la maziwa, la sufu. Na kama ni miti, twendeni Kereita, kwenye msitu wa mteremko wa Kikuyu, ambako miti ya asili ilikatwa kweli na ambako kuna ndege aitwaye kwezi wa Abbott anayehitaji matundu ya miti mikubwa. Pandeni mwerezi, pandeni mzeituni mwitu, mrudi na kuipalilia mwaka wa pili na wa tatu.

Kereita wamekubali. Kuhusu nyasi wamesema watafikiria. Lile duara la kijani, hata hivyo, limefutwa kwenye ramani, na nililiangalia likifutwa.

Saa 10.30 jioni

Kuingiza data. Sehemu hii haina hadithi: shamba kwa shamba, idadi, urefu wa nyasi, mifugo, miti iliyo karibu. Mashamba matatu niliyoandika miaka miwili iliyopita kama "nyasi" leo nimeyaandika "viazi", "viazi", "mikaratusi". Sitaki kuzoea kuandika hivyo.

Saa 2.00 usiku

Kangemi. Maji yamekatika, natumia ya mtungini. Nimempigia mwanawe cucu. Ni mtu mpole, na kumbe ndege anamfahamu tangu utotoni. Walikuwa wakimwona wakichunga. Hakuahidi kitu. Alisema mwenye trekta hawezi kusubiri mwezi mzima, nikasema sihitaji shamba lote, nahitaji ile kona tu mpaka makinda yaruke. Akasema nije tuikanyage pamoja, nimwonyeshe mpaka uwe wapi.

Basi Jumamosi napanda matatu ya Njabini pale Nyamakima saa 12 asubuhi. Nimenunua vijiti vinne na utepe mwekundu wa kuwekea alama, na cucu ameagiza mkate na majani ya chai.